Kabla ya upasuaji wa ubongo, tuambie unaongea lugha gani nyumbani

Familia nyingi hufika kwetu zimeshangaa. Mgonjwa ana uvimbe kichwani, tarehe ya upasuaji imeshapangwa, kisha daktari anamtuma kwetu sisi wataalamu wa usemi kutazama picha za kuku na sufuria. Ya nini?

Ni kwa sababu sehemu za lugha hazikai mahali pamoja kwa kila mtu. Daktari Mfaransa Paul Broca alihusisha usemi na sehemu ya mbele ya ubongo tangu 1861 kule Paris, na baadaye na upande wa kushoto. Lakini mpasuaji wa ubongo George Ojemann na wenzake wa Seattle, Marekani, walipochapisha mwaka 1989 matokeo ya kupima lugha kwenye ubongo wa wagonjwa 117, ilionekana kwamba sehemu zenye kazi hiyo mara nyingi ni vipande vidogo, sentimita mraba 1 au 2 hivi, na hutofautiana sana mtu na mtu. MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine, itaonyesha uvimbe uko wapi. Haitamhakikishia mpasuaji ni kipande kipi akikikata utapoteza maneno.

Kwa hiyo wagonjwa wengine hufanyiwa upasuaji wakiwa macho. Inatisha kusikia, najua. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni ngozi ya kichwa na utando ulio chini ya fuvu, na hapo hupigwa ganzi. Mara nyingi mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi fuvu linapofunguliwa, huamshwa kwa kazi ya lugha, kisha hurudishwa usingizini.

Akishaamka, mpasuaji hugusa uso wa ubongo kwa kifaa chenye ncha mbili na kupitisha umeme mdogo, wa miliampia chache, kwa sekunde chache. Sehemu ile huvurugika kidogo. Papo hapo mgonjwa anaonyeshwa picha. Akisema "kuku", wanasonga mbele. Akinyamaza, akisema "mbuzi", au akibaki na "ile... ile ya kutaga mayai", mahali pale hurudiwa baadaye, si mfululizo, na kosa likijirudia huwekwa alama yenye namba. Umeme ukiondolewa, neno hurudi. Kuzunguka alama hiyo wapasuaji wengi huacha kama sentimita 1 bila kuikata. Umeme unaweza kuchokoza kifafa, ndiyo maana maji baridi ya kumwagia ubongo huwa tayari mezani.

Kazi yetu ni hizo picha. Mkusanyo unaotumika sana duniani, wa michoro 260 uliochapishwa Marekani mwaka 1980, una mtu wa theluji, sleji na mboga ya artichoki. Mama wa Kawangware akinyamaza mbele ya artichoki, tutajuaje kama ni umeme au ni mchoro? Sisi tunatumia jiko la makaa, mwiko, matatu, panga, mahindi ya kuchoma. Tunapitia picha zote na mgonjwa siku kadhaa kabla, na kila anayosita kuitaja tunaitoa. Zinazobaki ni zile anazozitaja bila kufikiri.

Kuna jambo dogo tulilolazimika kulitengeneza wenyewe. Kwa Kiingereza mgonjwa huanza kila jibu kwa maneno yaleyale, "this is", halafu jina la kitu. Kwetu ni "hiki ni kikombe" lakini "hili ni panga" na "huyu ni kuku". Huwezi kuanza sentensi kabla hujalipata jina. Kwa hiyo tunamfundisha aseme "Naona". Akitamka "Naona" vizuri kisha akwame, ulimi unafanya kazi ila jina limepotea. Hata "Naona" isipotoka, huenda ni usemi wenyewe uliosimama. Kwa mpasuaji, hizo ni habari mbili tofauti.

Sasa lugha. Ojemann na mwenzake Whitaker walieleza mwaka 1978 kwamba kwa mtu wa lugha mbili, sehemu nyingine za ubongo zikiguswa huvuruga zote mbili, na nyingine huvuruga moja tu. Maana yake ni kwamba lugha isiyopimwa hailindwi. Watu hutuandikia "Kiingereza" kwenye fomu kwa sababu tu wako hospitali, kumbe mtu anauza dukani kwa Kiswahili, anaongea na mama yake Kikamba, na watoto wake Sheng. Muda wa kuwa macho ni mfupi na mgonjwa huchoka, kwa hiyo kwa kawaida tunapendekeza mbili: ya kazi na ya nyumbani. Anayechagua ni mgonjwa, si mwanawe aliyelipa bili. Na kama nyumba kwake ni keja, tunaandika keja.

Matokeo? Kule San Francisco, ripoti ya 2008 ya wagonjwa 250 waliopimwa lugha hivi ilionyesha kuwa baada ya miezi sita, ni 4 tu kati ya 243 waliokuwa hai waliobaki na tatizo la lugha. Hiyo ni timu yenye uzoefu wa miaka mingi, usiichukue kama ahadi. Siku za kwanza maneno yanaweza kupungua kabla ya kurudi, na hapo tunapima tena.

Upimaji huu haumfai kila mtu. Aliyeshapoteza maneno mengi kabla ya upasuaji huenda asiweze kuufanya, na uamuzi huo ni wa daktari wako. Ukitumwa kwetu, njoo na barua yake, miwani yako, na ndugu mmoja anayeongea lugha yenu ya nyumbani vizuri. Yeye ndiye atakayetuambia kama ulichojibu ni neno la kwenu au umekosea.