Taa ya injini ikiwaka tunakimbia kwa fundi, breki zikilia tunaongeza sauti ya redio

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Kusoma nasoma kila wiki ila kuandika ndo mara ya kwanza, na siandiki habari za siasa wala mpira, naandika habari ya pikapu yangu ambayo imeshapita miaka 20, bodi imechoka lakini injini bado inavuta vizuri tu.

Miezi kadhaa iliyopita ile taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka asubuhi, mchana nikawa nishafika gereji. Fundi akachomeka kimashine cha kusoma kompyuta ya gari, ikatoka kodi P0171, yaani namba ya hitilafu, akaniambia hapo ni sensa ya oksijeni imekufa, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, nunua nyingine. Nikanunua, akafunga, taa ikazimika, nikamshukuru na nikalipa. Siku ya tatu taa hiyo hapo tena inaniangalia! Nikarudi, nikaambiwa labda sensa niliyonunua ni feki, na nilipoiulizia ile ya zamani nikaambiwa imeshatupwa.

Basi nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi, yeye hata kimashine hakukishika kwanza. Akawasha gari ikiwa ya baridi akainama pembeni ya injini, akasikiliza, kulikuwa na kamlio ka tik tik tik pale bomba la ekzosi linapoungana na injini. Gasketi, ile inayoziba maungio hayo, ilikuwa imeungua. Akanieleza kwamba P0171 maana yake kompyuta inaona hewa nyingi petroli kidogo, haijasema sensa imekufa, na pale kwenye gasketi ekzosi ilikuwa inavuta hewa ya nje kabla haijafika kwenye sensa, kwa hiyo sensa ikawa inaona oksijeni nyingi na inasema ilichokiona. Kwa maneno mengine mi nilimfukuza shahidi aliyekuwa anasema kweli nikaleta mwingine, na yeye akasema yale yale.

Sasa wakati anasogeza gari nje ili afanye kazi, akakanyaga breki, zikalia kama bati linaburuzwa kwenye zege. Akazima gari akaniangalia.

"Kijana, taa imekuita siku moja ukaja. Hii breki imekuita muda gani?"

Mhariri, nilikosa cha kujibu, maana ilikuwa inaniita yapata miezi miwili na mimi naongeza sauti ya redio. Tulivua tairi la mbele kushoto, pedi ya nje bado imebaki kama nusu, ya ndani imeisha kabisa imebaki chuma kitupu kinakula diski, na diski ina mfereji ambao ukipitisha ukucha unanasa. Kwa nini moja iishe na nyenzake ipo? Pini za kalipa, yaani kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski, zilikuwa zimeganda kwa kutu, kalipa haitelezi tena, basi pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake na ya nje inasindikiza tu. Kwa hiyo ukichungulia kwenye matundu ya rimu unaiona ile ya nje unasema aah bado zipo, kumbe mwenye njaa yuko ndani.

Hapo ndo nikauliza, sasa mbona taa ya breki haikuwaka? Akacheka. Kumbe kwenye magari mengi ya zamani taa ile inaangalia handbreki na kiwango cha mafuta ya breki tu, pedi haizioni. Pedi zikiisha pistoni zinatoka nje zaidi, mafuta yanashuka kwenye kopo, yakishuka sana taa inawaka, na hiyo ndo dalili pekee taa inayokupa. Na mimi bwana mwaka jana iliwaka, nikajaza mafuta, ikazima, nikajiona fundi! Tulipofunga pedi mpya akawa anarudisha pistoni ndani, mafuta niliyoyajaza yakapanda yote yakataka kumwagika, ikabidi ayavute kwa bomba la sindano maana yakigusa rangi ya gari yanaibandua.

Kazi yenyewe naieleza kifupi kwa wanaopenda kujifanyia. Gari likae juu ya stendi, sio jeki peke yake. Badilisha pande zote mbili za ekseli moja hata kama upande mmoja unaonekana mzima, la sivyo gari litavuta upande. Kalipa usiiache ining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, ifunge na waya. Diski ina unene wa chini umegongwa pembeni yake kwa milimita, ikishapita hapo haichongwi tena inatupwa. Pini zinapakwa grisi ya silikoni, ile grisi ya kawaida inavimbisha mipira zinaganda upya. Na mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi 205 na zaidi lakini ikishanyonya maji inashuka mpaka 140 hivi, ndo maana ukishuka mlima mrefu pedali inakuwa laini kama mto wa kulalia. Miaka 2 inatosha, mwaga weka mapya na toa upepo kwenye mabomba. Yangu yalikuwa na rangi ya kahawa.

Sisemi sensa hazifi. Baadaye ilikuja kodi nyingine P0141, hiyo ni hita ya sensa ya pili, ile iliyo baada ya katalitiki, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na safari hii mzee alipima waya za hita kwa mita akakuta hita imekatika kweli. Sensa haifanyi kazi mpaka ipate joto la kama nyuzi 300, ndo maana ina hita. Kuitoa ilikuwa vita, tukanyunyizia dawa ya kutu tukaiacha usiku, kesho tukapasha injini moto kidogo, spana ya 22 yenye mkato wa kupitisha waya, ikatoka inalia. Mi nilitaka tununue ile ya kukata waya na kuunganisha, akakataa katakata, akasema sensa nyingi za namna hii zinapumua hewa ya nje kupitia ndani ya waya wake, ukiunganisha waya kwa risasi ya kuchomea umeiziba pua. Tukatafuta yenye plagi yake.

Wapo wanaosema hizi sensa ni usumbufu wa magari ya kisasa. Ya kisasa gani, Bosch walianza kuitoa 1976 na Volvo wakaifunga mwaka huo huo, ina umri kuliko mimi.

Ninachoomba gazeti lenu, mnapoandika ukurasa wa magari na kutaja kodi, muwaambie wasomaji kwamba kodi inataja mahali penye malalamiko, haitaji spea ya kununua. Na mkiorodhesha dalili za gari bovu msianze na taa za dashibodi, anzeni na mlio. Halafu mtusaidie hili moja, iwe ni desturi fundi akibadilisha kitu akurudishie kile cha zamani mkononi, hata kama ni takataka yako mwenyewe. Ile sensa yangu ya kwanza ningekuwa nayo leo ningeipima nikajua.

Jumamosi hii tunafungua dramu za nyuma, ambazo sijawahi kuziona ndani tangu nilinunue gari. Mzee ameshanionya vumbi la humo nisilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa kwa sababu shuu za zamani, ambazo ndo pedi za dramu, zinaweza kuwa na asbestosi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, tutalilowesha kwanza ndo tufute. Nikikuta maajabu nitawaandikia tena.

Ni mimi msomaji wenu,
Dereva wa pikapu ya zamani