Barua kwa Mwanangu Aliyeko Dodoma, Juu ya Chakula na Mwendo

Mikindani, Mtwara
7 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia kupitia kwa kaka yako. Sisi huku tu wazima. Kusi linavuma, bahari imechafuka, samaki wamepanda bei, na kule shambani mikorosho imeanza kupuliziwa salfa. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu kila mara mmoja wetu huwa na haraka, na jambo hili nataka ulisome polepole, kisha ulisome tena.

Ulipokuja kwa Idi nilikutuma dukani kununua sukari, mahali ambapo hata bibi zako hufika kwa miguu wakizungumza, nawe ukaita bodaboda. Sikusema neno, kwa kuwa wageni walikuwa barazani. Kesho yake tulipanda kile kilima cha nyuma ya mji kwenda makaburini, ukasimama mara mbili kutafuta pumzi, nami mwenye miaka 63 nikakungoja juu. Wewe una miaka 29. Tangu siku ile sijatulia.

Sikuandikii kukusema kwa unene, maana watu wamekwisha kukusema vya kutosha na maneno yao hayakukusaidia kitu. Nakuandikia kwa sababu njia hiyo naijua, nimeipita mwenyewe. Miaka 6 iliyopita nilikwenda zahanati kusafishwa kidonda cha mguu; muuguzi akanifunga kipimo mkononi kwa kufuata utaratibu tu, kikasoma 170 kwa 104. Nilibisha, kwa kuwa sikuwa na kizunguzungu wala maumivu ya kichwa, na jana yake nilikuwa nimelima. Walinirudishia kipimo siku nyingine mbili, na kila mara kilikuwa juu ya 140 kwa 90, ambacho ndicho kiwango kinachoitwa presha ya juu kwa mtu mzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kubisha hodi, huku ukiharibu mishipa, moyo na figo, hadi siku mtu anapoanguka kwa kiharusi na watu wakasema amelogwa.

Tulipoketi na muuguzi kuhesabu nilichokuwa nakula, chumvi ilijitokeza kila mahali. Nilikuwa nakula samaki wa ng'onda, wale waliokaushwa kwa chumvi, karibu kila siku, naongeza chumvi katika mchuzi wake, natia na vidonge vya kuungia, kisha jioni embe bichi kwa chumvi na pilipili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo inajumlisha chumvi yote, hata ile iliyomo ndani ya ng'onda na mkate. Siku hizi ng'onda namlowesha usiku kucha, namwaga maji yale, napika kwa ndimu, tangawizi, vitunguu na bizari, na chumvi siongezi hata chembe. Wiki za kwanza chakula kilinipooza mdomoni; baada ya mwezi hivi ulimi ukazoea, na sasa mchuzi wa harusini naona mkali. Dawa za presha bado nameza na sitaziacha bila daktari kuniambia. Nakueleza hili makusudi, usije ukasikia mtu anakuuzia majani akisema yanatosha.

Sasa nikuambie ninalofikiri hasa. Bibi yako mzaa mama alikulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yalikuwa bondeni. Aliteremka alfajiri na kupanda akiwa na ndoo kichwani, akirudi anatwanga, akimaliza kutwanga anakwenda kondeni. Hakuna aliyemwambia afanye mazoezi, kwa sababu mazoezi yalikuwa ndani ya kazi, na sipendi mtu ayasifu maisha yale kana kwamba yalikuwa starehe, kwani mgongo wake ulimuuma hadi anakufa. Lakini wewe kazi yako imeondoa mwendo wote: unaketi ndani ya gari, unaketi ofisini kwa muda wa saa nane, unaketi tena nyumbani. Si uvivu, mwanangu. Mwendo ambao bibi yako alilazimishwa na kiu, wewe huna kinachokulazimisha, na kwa hiyo huna budi kuupanga kama unavyopanga kodi ya nyumba.

Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki kwa uchache, nazo ukizigawa ni nusu saa kwa siku 5. Uwe mwendo wa haraka kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako lakini kuimba huwezi. Dodoma jioni kuna hewa nzuri kuliko joto la huku kwetu. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako, tafuta jirani mwanamke mtembee pamoja, na ngazi za ofisini zipande kwa miguu. Ukishakula mchana, zunguka jengo dakika 10 kabla ya kuketi, maana misuli inapofanya kazi huchukua sukari iliyoingia kwenye damu, na mtu anayelala au kuketi baada ya kula huiacha izunguke. Siku 2 katika wiki fanya kazi ya nguvu: keti na kuinuka kitini bila kushika kitu, sukuma ukuta, inua ndoo ya maji. Anza kidogo. Mama, usianze kwa kukimbia asubuhi moja kilomita tano halafu ukaacha kwa maumivu ya magoti.

Upande wa chakula nitasema zaidi juu ya soda, kwa kuwa niliona unaifungua asubuhi. Chupa ya nusu lita huwa na sukari ya gramu 50 hivi, sawa na vijiko 12 vya chai, wakati ambapo kiasi kizuri kwa siku nzima ni gramu 25. Chai yako ukiitilia vijiko vinne ungeona aibu mbele yangu. Ndani ya chupa vinakwenda 12 na hakuna anayeviona. Kunywa maji. Zabibu za huko huko Dodoma zile zikiwa tunda, zitafune; usizigeuze juisi ya kuongezwa sukari.

Chipsi mayai za usiku sisemi uziache kabisa, ila zisiwe chakula cha kila siku kwa kisingizio cha uchovu. Siku ya Jumapili chemsha mbaazi sufuria nzima, uzigawe katika vyombo, uzihifadhi kwenye friji. Unakumbuka mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi zetu na bei ikaanguka, tukawa tunazila mchana na usiku mpaka mkanuna. Sikujua wakati ule kwamba nawalisha vizuri, kwani katika gramu 100 za mbaazi kavu kuna protini zaidi ya gramu 20, pamoja na nyuzinyuzi zinazofanya shibe ikae. Ugali wa makopa, yaani mihogo mikavu, tuliokulea nao, kwa upande mwingine, ni wanga karibu mtupu, na ukiuona mlima sahanini, huo si mlo wa mtu anayeketi siku nzima. Nusu ya sahani iwe mboga. Wenyeji wako Wagogo wana mlenda na ugali wa uwele, nenda soko la Majengo ukajifunze kwao, na kisamvu ukikipata kitwange na kukichemsha sana kama nilivyokufundisha, kwa sababu kibichi kina sumu. Nazi tia tui jepesi, kasimile liache kwa sikukuu.

Nimempa mpwa wako mfuko aukabidhi kwenye basi la Alhamisi. Ndani kuna mbaazi kilo 3, dagaa wakavu nilioosha mara tatu kutoa mchanga, na korosho kilo 1 zilizobanguliwa na kukaangwa bila chumvi. Mafuta ya korosho mengi ni ya aina isiyodhuru moyo, lakini gramu 100 tu zinakaribia kalori 550, kwa hiyo kula konzi moja kwa siku, nyingine wape wenzako ofisini.

Kabla ya Jumapili pita kituo chochote cha afya upimwe presha na sukari, asubuhi, kabla hujala. Nikikupigia baada ya adhuhuri nitakuwa na daftari langu mkononi, lile ninaloandika vipimo vyangu, na nimekwisha kukuchorea ukurasa wako.

Mama yako