Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Ada na mahudhurio yamo kwenye taarifa za mweka hazina na katibu, sitayarudia. Nazungumzia jambo lililoulizwa kuliko yote mwaka huu: angiografia, kipimo cha kupiga picha mishipa ya damu ya moyo.

Wengi tunakijua kile cha kathlabu, yaani chumba maalumu cha kupitisha mirija hadi kwenye moyo, kama kinavyofanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au paja hadi kwenye moyo, akaingiza dawa yenye iodini, na mishipa ikaonekana kwenye skrini. Palipoziba panaweza kuzibuliwa papo hapo na kuwekwa stenti, kijibomba cha wavu kinachozuia mshipa usizibe tena. Faida hiyo ni kubwa mno. Hata hivyo, mshipa unaweza kuvuja damu, na mara chache sana mgonjwa hupata kiharusi.

Cha CT scan hakina mrija: unachomwa sindano ya dawa ya iodini mkononi, unabana pumzi sekunde chache, basi. Mapigo yakienda mbio picha huharibika, ndiyo maana wengine hupewa kwanza dawa ya kuyashusha hadi karibu 60 kwa dakika. Kinafaa sana kumthibitishia mtu kuwa mishipa yake haijaziba. Kwa wazee wenzangu ambao mishipa imejaa kalisi, majibu yake huwa na utata, na tatizo likionekana bado utapelekwa kathlabu.

Vyote viwili hutumia mionzi, kwa hiyo mwenye ujauzito aseme mapema. Aliyewahi kuwashwa au kuvimba kwa dawa ya picha naye aseme.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni figo, kwa sababu ndizo zinazoitoa dawa hiyo ya picha mwilini, na wengi wetu tuna kisukari na presha. Mwenzetu mmoja wa Mbagala alikuja kuomba mchango wa angiografia, karatasi ya kipimo ameikunja ndani ya kadi yake ya kliniki ya kisukari. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za figo. Tulimsihi arudi akaulize. Akapimwa kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikakutwa juu, na daktari akaahirisha kipimo ili amwandae kwanza. Wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, nao waulize kama waisimamishe, wasijiamulie.

Kamati inapendekeza kuwa kila anayeomba mchango wa angiografia alete majibu ya kreatinini, na gharama ya kipimo hicho cha damu ilipwe na mfuko wetu. Naomba tulipigie kura leo.