Shukrani kwa dada wa kanga ya bluu, pantoni ya Kigamboni

Dada yangu, sikukuuliza jina. Asubuhi ile kwenye pantoni nilikuwa nimeng'ang'ania chuma cha ukingoni, mikono inatetemeka, moyo unanienda mbio kwa mawazo ya kodi na mgonjwa nyumbani. Ukanishika bega. "Vuta pumzi kwa pua, hesabu mpaka 4. Itoe taratibu, mpaka 6." Tukahesabu pamoja hadi Magogoni. Ukaniambia ulijifunza kwenye yoga, kwamba kutoa pumzi polepole ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo.

Siku hizi, watoto hawajaamka, natandika mkeka, nafanya yoga kama wewe: nakalia visigino, nainama mpaka paji la uso liguse chini. Dakika 10 tu. Usingizi umerudi, na watoto siwafokei kama zamani. Mungu akulipe kheri, dada.