Risala ya Wafanyakazi wa Kiwanda cha Minofu kwa Mgeni Rasmi, Ilemela, Mwanza

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Meneja na uongozi wa kiwanda,
Viongozi wa chama cha wafanyakazi,
Wahitimu wa mafunzo ya usimamizi,
Wafanyakazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Mwangaluka!

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi, tena kwenye uwanja huu ambao harufu ya samaki haimpi mgeni nafasi ya kujiandaa. Sisi tumeizoea, ndiyo inayosomesha watoto wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuliambiwa tuandike risala ya kuwapongeza wenzetu wanaotoka kwenye mafunzo kuwa masupavaiza wa shifti. Hongereni sana. Ila tumeona tuseme pia jinsi uongozi unavyoonekana kwa mtu aliyesimama kwenye meza ya kukatia minofu, gambuti miguuni, vidole vimekufa ganzi kwa barafu.

Kazi yetu haijawahi kutulia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu, wakongwe wetu walirudishwa nyumbani bila kujua kama wataitwa tena. Mwaka 2020 korona ikazuia ndege, na minofu mibichi bila ndege ni hasara tupu. Sangara nao wamepungua: kuna wiki tunafanya kazi siku 3, kuna wiki tunaitwa usiku wa manane. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari ya samaki ya upande wa Sengerema hayalali tena yakisubiri kivuko, kwa hiyo hata saa ya kuanza shifti imesogea. Hatukuja kulalamikia hayo. Kinachotuumiza ni kuwa wa mwisho kujua.

Tutoe mfano, na uongozi umeturuhusu kuusema. Miaka michache iliyopita tuliingia Jumatatu asubuhi tukakuta mizani za kidijitali zimeshafungwa mwisho wa kila meza, zinaandika kilo za kila mkataji. Getini palikuwa na karatasi ya mistari minne. Kufikia chai ya saa nne, habari ilikuwa kwamba nusu yetu tunaondolewa. Jioni, Kirumba nzima ilikuwa na orodha ya majina! Orodha yenyewe haikuwepo. Lakini wiki ile watu walikata mbiombio kuokoa ajira, nyama ikabaki kwenye mifupa, na waliofurahi ni wanunuzi wa mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, peke yao.

Ndipo meneja wa uzalishaji akashuka. Hakuja na hotuba. Alivaa aproni, akasimama mezani, akauliza: "Hapa kazi inakwama wapi?" Siku ya kwanza kimya, nani amjibu bosi mbele ya mizani? Akarudi siku ya pili, kimya. Siku ya tatu mama mmoja akasema neno moja: "Visu." Mashine ya kunolea ilikuwa moja, tena ng'ambo ya ukumbi. Kisu kikishabutuka unatembea, unapanga foleni, unarudi, mara nne au tano kwa shifti. Kumbe mizani ilikuwa inaiandika ile foleni kama uvivu wa mtu. Ikaletwa mashine ya pili, akapangwa kijana wa kupita mezani kubadilisha visu. Kilo zikapanda na hakufukuzwa mtu. Leo mizani ileile ikiharibika, wakataji ndio wa kwanza kupiga kelele itengenezwe, maana inawalinda wasipunjwe.

Tangu hapo tuna kikao cha dakika 15 kila Jumatatu kabla ya shifti, na dakika hizo zinalipwa. Hilo si dogo. Meneja anatuambia oda zilizopo na samaki wanaotarajiwa. Asilolijua anasema halijui. Swali la wiki hii linajibiwa wiki ijayo, hata jibu likiwa ni hapana.

Wahitimu, wengi wenu mmetoka kwenye meza hizi hizi. Huku Usukumani vijana walilima kwa vikundi, ngoma na wimbo vikienda na jembe, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Hatujasikia kwamba aliwaongoza kwa kubandika karatasi getini.

Tunajua sheria ipo. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kwanza. Ni kinga nzuri. Lakini mkianza kuzungumza siku kifungu hicho kinapofunguliwa, mmeshachelewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa linahusu vibarua. Kikao cha Jumatatu kinakaa ndani, wao wako nje ya geti wakisubiri kuitwa. Wanakata samaki walewale kwa visu vilevile, na taarifa zinawafikia zikiwa zimeshageuka uvumi. Tunaomba utusaidie kuushawishi uongozi wapate mwakilishi kwenye kikao, na jioni ambayo inajulikana kesho hakuna samaki, watumiwe ujumbe wa simu. Mama anayetoka Kisesa alfajiri kwa nauli ya kukopa, akageuziwa getini saa moja, ameingia hasara kabla jua halijachomoza vizuri. Gharama ya ujumbe huo haifiki hata nauli yake ya kwenda.

La pili ni taa kwenye njia ya getini kwa ajili ya shifti ya usiku. Hilo halihitaji maelezo.

Mwisho, tunakukabidhi zawadi yetu: sangara mmoja, ameshapangwa kwenye barafu. Tunaomba dereva wako asipitie kwingine, barafu haina subira.

Wabheja sana. Tunaomba kuwasilisha.