Mwandikishe Mtoto Shule Hapo Nakuru

Dunga, Kisumu
Oktoba 2025

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mume wako na mjukuu wangu. Sisi huku ni wazima.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu, kwa sababu kila ninapokupigia tunaulizana kwanza kama kuna habari kutoka Kanada kuhusu mpango wenu wa kuhamia huko, unanijibu kwamba hakuna, na mazungumzo yanazimika hapo hapo. Lile nililotaka kukueleza tangu niliporudi kutoka kwenu mwezi wa Agosti hubaki kifuani. Jambo lenyewe ni hili: nataka muishi Nakuru. Sisemi mbaki Nakuru daima, wala sisemi mwondoe majina yenu kule mlikoyapeleka. Nasema muda huu mnaosubiri, uwe miezi mitatu au miaka mitatu, muutumie kama watu wenye nyumba, wenye kazi na wenye mtoto, si kama abiria walioketi juu ya mizigo yao.

Nilipokuwa kwenu niliona mambo ambayo sikuyataja, maana mama mkwe ni mgeni nyumbani kwa mkwewe, na mgeni huona akanyamaza. Katoni mlizohama nazo bado zimepangwa nyuma ya mlango wa chumba cha mtoto, zimefungwa vile vile, na ile sufuria kubwa niliyokupa ulipoolewa imo ndani ya mojawapo, hata ugali wa watu wanne ukausonga mara mbili katika sufuria ndogo. Friji mmeiuza. Picha ya harusi imeegemezwa ukutani sakafuni, haijatundikwa. Jioni, saa kumi na moja ya kwetu, ambapo Ottawa, mji mkuu wa Kanada, huwa saa nne asubuhi na ofisi zao zimefunguliwa, mkwe wangu aliweka simu kando ya sahani ya samaki, kioo kikiwa chini, na kila baada ya matonge mawili matatu aliigeuza, akaitazama, akailaza tena. Nilinyoosha mkono niichukue nitazame saa. Mjukuu wangu akanishika mkono akaniambia, "Nyanya, usiguse, hiyo ni ya Kanada." Hajatimiza miaka sita, na tayari anajua kwamba nyumbani kwao kuna kitu kisichoguswa.

Mfumo huo wa Express Entry, ambao Kanada huutumia kuchagua wahamiaji, ninauelewa kiasi, kwa kuwa mume wako alinieleza kwa uvumilivu mkubwa, akiandika hesabu zake nyuma ya kitabu cha kuchorea cha mtoto. Ulianza Januari 2015. Mwombaji hupimwa kwa alama 1,200, ambazo hutokana na umri, elimu, lugha, kazi aliyoifanya na mambo mengine, kisha jina lake huwekwa pamoja na ya wenzake, na kila inapofanyika droo wenye alama za juu ndio wanaoalikwa kutuma maombi kamili. Tangu 2023 wapo pia wanaoalikwa kwa makundi, wahudumu wa afya wakiwa miongoni mwao, na hapo ndipo lilipo tumaini lenu, kwa sababu wewe ni muuguzi na wewe ndiwe mwombaji mkuu. Lakini nililolishika kuliko yote ni kwamba hiyo si foleni. Katika foleni ya benki, anayevumilia kusimama hufika dirishani, na anayetoka hupoteza nafasi yake. Kwenye mfumo huu, aliyesubiri mwaka mzima hamtangulii aliyeingia jana akiwa na alama nyingi kuliko zake; tarehe ya kuingia hutazamwa pale tu alama zinapolingana. Wenzangu kanisani hunituma nikuambie kwamba subira huvuta heri, nami siwapingi katika mambo mengine, ila katika hili kukaa tuli hakuwasogezi hata hatua moja.

Zaidi ya hayo, muda wenyewe unapunguza alama. Mwezi wa Februari utatimiza miaka 33, na kwa mwombaji aliye na mwenzi alama za umri zitashuka kutoka 85 hadi 80. Matokeo ya mtihani wenu wa Kiingereza yanadumu miaka miwili tu. Jina lenu lenyewe hukaa humo miezi 12, kisha lazima mliingize upya. Kwa hiyo kama ni kuongeza chochote, kitaongezwa na mnachokifanya mkiwa hapo hapo. Mume wako amefanya vizuri kuanza Kifaransa, kwa maana wanaokijua vizuri huongezewa alama, na wanaweza pia kualikwa katika kundi lao. Nilimsikia usiku akirudia maneno chini kwa chini sebuleni, nikafurahi sana. Mwambie aendelee, na asome kwa sauti.

Sasa nije kwako. Uliniambia kwamba msimamizi wa wodi alikutaka ujaze fomu za kwenda kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi, nawe ukamjibu kwamba huenda usiwepo. Mwanangu, jaza fomu hizo. Kibali cha ukaazi wa kudumu hakimpi mtu leseni ya uuguzi. Kila jimbo la Kanada lina chombo chake cha kusajili wauguzi, kitakachotaka vyeti vyako, uthibitisho wa Baraza la Wauguzi la Kenya na ushahidi kwamba hukuacha kazi, na katika majimbo mengi utafanya mtihani wa leseni ya uuguzi uitwao NCLEX. Ukienda, ujuzi huo utakusaidia kushika kazi yako upya katika nchi ya watu. Usipokwenda, utamsaidia mgonjwa wa Nakuru ambaye wiki ijayo ataletwa hajitambui, na ndugu zake wamekaa kwenye benchi nje wanakutazama wewe. Mgonjwa huyo hana habari ya droo ya Ottawa.

Watu wa upande huu wa nchi wamezoea kusubiri majibu ya ng'ambo. Mwaka 1959, wanafunzi 81 walipopanda ndege kutoka Nairobi kwenda Marekani katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya, vijana wengi wa huku kwetu walikuwa wakiandika barua kwa vyuo vya huko. Mama yangu alikuwa akisimulia habari za jirani yetu mmoja aliyekuwa akifundisha shule ya msingi huku akingoja jibu lake. Alisema kwamba katika watoto wote waliosoma chini yake, hakuna hata mmoja aliyetambua kuwa mwalimu wao alikuwa akitarajia kuondoka. Alikuwa akisahihisha madaftari hadi la mwisho. Hilo ndilo alilolisifu mama yangu, wala hakujishughulisha kutueleza jibu lilikuwa lipi.

Januari mjukuu wangu anaingia Gredi ya Kwanza, na mpaka naondoka kwenu hamkuwa mmemtafutia shule. Ulinieleza kwamba mnaogopa kulipa karo na kununua sare halafu mwaliko uje. Nimepiga hesabu yako kwa upole. Hata mwaliko ukifika kesho, mnapewa siku 60 za kutuma maombi kamili, ambamo mtatafuta vyeti vya polisi na kukamilisha karatasi nyingine, na baada ya hapo wao wenyewe hujiwekea lengo la miezi sita kutoa uamuzi. Hiyo ni kama Juni. Mtoto atakuwa amemaliza muhula wa kwanza na kuingia wa pili. Je, akae nyumbani muda wote huo akitazama katuni? Nilifundisha madarasa ya chini maisha yangu yote ya kazi, na ninajua kwamba mwaka ambao mtoto anajifunza kuunganisha silabi haurudishwi kwa urahisi. Na kuna jambo lililoniuma zaidi ya karo. Nilimwuliza ni nani rafiki yake pale PP2, darasa lake la mwisho la chekechea, akaniambia hana, kwa sababu yeye anaondoka. Hakuna aliyemfundisha jibu hilo kwa maneno. Amelipata kwa kuwaangalia ninyi. Mtoto mwenye rafiki Nakuru atajua namna ya kupata rafiki kule Kanada, Winnipeg au popote mtakapokaa, na asiyezoea kuwa na rafiki atashindwa kote kuwili.

Hili linalofuata nalisema kama mama yako, na kama utaona haya kulisoma mbele ya mume wako, lisome peke yako. Ulinidokezea jikoni kwamba mtoto wa pili mmemweka kando mpaka mjue mnakwenda au hamwendi. Huo ni uamuzi wenu wawili na sitauingilia, ila nisingependa uamuliwe na hofu ambayo haina msingi. Mtoto akizaliwa wakati maombi yanashughulikiwa, anaarifiwa kwa maafisa, anaongezwa kwenye faili, anapimwa afya kama wenzake. Kosa ni kumficha, kwa sababu mtoto ambaye hakutajwa huweza kuzuiwa kuwafuata wazazi wake baadaye. Ndiyo, fedha za kujikimu zitapanda: familia ya watu watatu inatakiwa kuonyesha zaidi ya dola 23,000 za Kanada, na ya wanne zaidi ya dola 28,000. Ni pengo kubwa, silipuuzi. Lakini pengo la fedha huzibwa pole pole, na miaka ya mwanamke unaijua wewe muuguzi kuliko mimi. Kama ninyi wawili mngependa mtoto, mpangieni kwa afya yako na mfuko wenu, msimpangie kwa barua pepe.

Kuhusu hizo fedha, kaka yako ameniambia kwamba mlikuwa mnafikiria kukopa kwenye Sacco ili akaunti ionekane imejaa. Msifanye hivyo. Masharti yanasema wazi kuwa fedha hizo zisiwe za kukopa, nao hutazama mwenendo wa akaunti kwa miezi sita, na deni litabaki shingoni mwenu hata mkikosa safari. Na yule wakala anayemsumbua mume wako kwa simu, akidai apewe pesa awatafutie barua ya kazi ya kuwaongezea alama, mwacheni. Alama za barua ya kazi ziliondolewa tangu tarehe 25 Machi 2025, kwa hiyo anawauzia kitu ambacho hakipo.

Nimesikia pia kwamba baadhi ya usumbufu wenu ni mimi. Mnajiuliza nani atanipeleka kliniki ya presha, na nani atakuja mvua zikileta maji mpaka mlangoni kama miaka ile ziwa lilipofurika. Naomba usinitumie mimi kama sababu ya kwenda wala ya kubaki. Kaka yako yuko Kondele, ni matatu moja tu. Dawa zangu nazifahamu, na majirani ninao. Nitakulilia ukienda, hilo sikufichi, nami nitalia hadharani pale uwanja wa ndege bila kujali watu. Usiku ninapopiga magoti siombi mwaliko uje, wala siombi usije. Ninaomba mjukuu wangu akue akiwaona wazazi wake wanacheka mezani, na hilo halihitaji visa.

Ninyi wawili mlikubaliana jambo hili mkiwa na akili timamu, na sababu zenu nilizisikia nikaziona za haki. Mume wako ni mtu mwema. Anaishika simu ile kwa sababu anawapenda na anaona ndiye aliyewaingiza katika kungoja huku. Usimlaumu. Kubalianeni saa moja ya jioni ya kufungua barua pepe, mmoja wenu afungue, amwambie mwenzake, kisha simu iende chumbani mpaka watu wamalize kula. Mwaliko hauchachi kwa kukaa usiku mmoja. Mnazo siku 60.

Shule niliyoiona ikifaa ni ile ya karibu na soko, umbali wa kutembea kutoka kwenu, ambayo mwalimu wake wa Gredi ya Kwanza tulizungumza naye tulipopita Jumapili. Aliniambia nafasi zinajaa kabla ya likizo ya Desemba. Nenda wiki hii na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nawe ukishapewa fomu nitumie jina la shule na namba ya akaunti ya malipo, nami nitalipa karo ya muhula wa kwanza kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Sare nunueni ninyi. Mnunulieni iliyo kubwa kidogo, aweze kuivaa mwaka mzima.

Wasalimie wote hapo.

Ni mimi mama yako mzazi.