Saumu, mama yako amejipandishia bima

Majengo, Jumapili baada ya laasiri

Saumu shoga yangu,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila mvua imerudi na paa letu unalijua. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Usininunie, na hata leo nisingeandika kama si mama yako. Hajafa, pumua. Anakula, anagombana, juzi alimrudishia mwenye duka unga wenye wadudu na maneno juu yake. Lakini kile kidonda cha mguu anachokwambia kimekauka hakijakauka, na bima uliyotuma pesa haijalipwa. Zile 3,600 ninazo, sijagusa hata shilingi. Hazitoshi. Nakuandikia kwa sababu kwa simu siwezi kusema, kuta hizi unazijua na masikio ya mama yako unayajua.

Zamani za NHIF, ile bima ya afya ya taifa, ilikuwa rahisi. Asiye na mshahara alilipa 500 kwa mwezi, awe muuza mahamri awe mwenye matatu tatu. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, mamlaka mpya iliyochukua nafasi yake, na mtu kama mama yako hajui bei yake mpaka aulizwe maswali: nyumba ya nini, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mna nini ndani. Kompyuta inakadiria kipato cha nyumba, inakata asilimia 2.75, na unalipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Chini kabisa ni 300 kwa mwezi, ndiyo 3,600 yako. Hesabu yetu ilikuwa sawa. Tulichosahau ni kwamba atakayejibu ni Bi Mkubwa.

Na aliyekuja kuuliza, usicheke, ni binti wa Mama Rukia. Yule mdogo. Siku hizi ni mhudumu wa afya ya jamii, ana begi na simu ya kazi, na kwa kweli ni mtoto mwenye adabu. Lakini Saumu, binti wa Mama Rukia! Baada ya miaka yote ile ya kunyang'anyana wateja wa mahamri! Mama yako alipomwona mlangoni akaniambia nitoe vikombe vya maua kabatini. Nikajua tumekwisha.

"Bibi, mnapikia nini?"

"Gesi."

Saumu, ule mtungi haujaonja gesi tangu Ramadhani. Uko pale sebuleni umevishwa kitambaa cha kufuma na juu yake maua ya plastiki, na harufu ya makaa inaingia kutoka uani hatuioni aibu. Akaulizwa choo. "Tunacho chetu." Chetu, ndiyo, sisi na vyumba kumi na viwili. Kuta? "Mawe." Akaupiga konde ule ukuta wa mbele uliotiwa plasta, udongo ukamwagika nyuma ya kochi. Televisheni hakuitaja hata, alinyoosha mkono tu kama mwenye shamba anayeonyesha mpaka. Biashara? "Wateja hawaishi." Siku hiyo beseni lilirudi na mahamri zaidi ya nusu, tukala sisi mpaka kesho yake. Nilipofungua mdomo alinifinya paja. Alama ipo, nitakuonyesha ukija.

Jawabu likatoka: 11,220 kwa mwaka.

Nilikaa na kikokotozi. Hiyo ni 935 kwa mwezi. Yaani kompyuta imemwona mama yako anaingiza 34,000! Mume wangu na kazi yake ya usiku analipwa 28,000 na anakatwa 770. Huyo naye amekuwa akiilaani SHA tangu mshahara wa kwanza, mpaka nilipomtolea karatasi ya zamani nikamwonyesha NHIF ilikuwa ikimkata 850. Hakusema neno mpaka isha. Waliopandishiwa kweli ni kina mjomba wako mwalimu mkuu: mwenye laki moja hakuwa akizidi 1,700, sasa ni 2,750, na juu hakuna kikomo. Wanaolia wana haki ya kulia. Mume wangu mimi hana, lakini bado analia, ni mazoea.

Sasa mguu. Kituo cha afya cha hapa karibu wanamsafisha kidonda na dawa za sukari anapata, halipi, maana huko chini kujiandikisha tu kunatosha. Lakini daktari amesema aende hospitali kubwa wautazame mfupa. Na huko, kuanzia zile za kiwango cha 4, bila kulipa mwaka unatoa mfukoni. Tulikwenda moja Jumanne. Karani akaingiza nambari ya kitambulisho, akatuambia kwa upole tu, "Mama yupo, ila hajalipiwa." Mama yako akanigeukia akasema, foleni nzima isikie: "Mwambie mwanangu yuko Doha." Tukarudi na matatu. Njiani akaninunulia soda, baridi, akang'ang'ania niinywe yote. Alikuwa akichechemea kutoka stejini na hataki nimshike mkono.

Nimejaribu kila mlango. Nikamwambia kuna Lipa SHA Pole Pole, unalipiwa mwaka wote nawe unarudisha kidogo kidogo. Aliposikia ni mkopo akauliza, "Na riba?" Nikanyamaza. Nikamwambia Oktoba 2025 Rais alizindua mpango wa serikali kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza, pengine naye angeingia kama majibu yake yangekuwa... Aliniangalia kama nimemvua leso sokoni. "Mimi, asiyejiweza? Mimi niliyesomesha watoto wanne kwa karai?" Utamjibu nini mtu kama huyo? Ni kweli aliwasomesha.

Wakati mwingine nikilala nasema ana haki. Ile 500 ya kila mtu ilimwonea maskini, nakubali, na kumpima mtu kwa alicho nacho ni uungwana zaidi. Lakini uungwana gani huu wa kumtaka mwanamke wa miaka sitini na saba amhesabie binti wa Mama Rukia alichokosa, kimoja kimoja, na jioni Mama Rukia... Sisemi binti atatoa siri. Mama yako ndiye anayesema.

Halafu nautazama ule mguu na hasira inanirudia. Mtungi mtupu, Saumu. Tunalipishwa kwa mtungi mtupu.

Basi nisikilize. Usiniambie tumwandikishe chini yako wala chini ya kaka yako, haiwezekani. Mchangiaji anabeba mwenzi na watoto, mzazi ni nyumba yake mwenyewe. Ninachotaka umpigie simu wewe, maana mimi kwake bado ni yule mtoto aliyevunja birika. Usinitaje. Mwambie umesikia huko kwamba watu wanarudiwa maswali. Binti mwenyewe kaniita pembeni, kumbe aliona makaa, aliona kila kitu, akasema alishindwa kumkatalia mtu mzima nyumbani kwake. Yuko tayari kuja tena, au amlete mwenzake wa Shauri Moyo asiyemjua mtu hapa. Mimi naona wa Shauri Moyo ni bora. Kwa mgeni mama yako huenda akasema ukweli, au angalau nusu yake.

Ila kurudiwa kutachukua siku, na mguu haungoji. Nikikuomba utume hizo 7,620 zilizobaki tulipe leo, halafu heshima yake tupigane nayo mwaka ujao, nitakuwa nimekukosea? Unazo kweli, au yule madam wako bado anashikilia mshahara wa miezi miwili? Usikope kwa ajili ya hili bila kuniambia. Kaka yako je, bado anapokea simu zako, maana zangu hapokei? Utampigia mama lini, ili siku hiyo nijifanye nimetoka? Zainabu alikwambia harusi imesogezwa, au nimeharibu? Na ule mtungi, niuondoe sebuleni kabla wa Shauri Moyo hajaja, au niuache? Nikiugusa tu atajua tumeongea.

Shogako wa birika,
Mwanaisha